Mtoa Habari Nambari Nne

Jumatatu, 7 Oktoba 1991. Kitale

Baba yake Daktari Sikuku amefariki. Kasema Daktari mwenyewe, kwa simu, saa mbili na robo asubuhi. Mazishi Jumamosi, nyumbani kwao nje ya Bungoma. Kumuse Jumanne ya tarehe 15.

Nilitazama saa, mazoea ya kazi. Dakika moja juu ya baba. Dakika sita juu ya ratiba. Kuna mgeni kutoka ng'ambo, mama mmoja msomi, atakuja na kamera ya video. Mama huyo ndiye mtahini wa nje wa faili ya Daktari ya kupandishwa kuwa profesa. Kwa hiyo msiba umeangukia wiki nzuri. Hakusema hivyo. Alisema, "Kwa hakika, majira yametusaidia."

Kisha akauliza: "Chanzo changu kiko hai?"

Chanzo chake ni Mzee Nabwera. Ana miaka sabini na kitu. Ana jina, ana shamba, ana binti, ana kaburi la mkewe nyuma ya nyumba. Nikajibu kwamba yuko hai.

Kinyaa. Na chai bado haijapoa.

Mchana bohari la mahindi. Matrekta yamepanga foleni kutoka langoni hadi barabara ya kwenda mji wa Kwanza. Wakulima wanalala juu ya magunia yao. Nimetuma maneno mia mbili.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimempigia mhariri Nairobi kumwambia kuhusu Jumanne ijayo. Kauliza kumuse ni nini. Nikamweleza: hotuba ya Wabukusu ya kumuaga mzee wa heshima, siku ya tatu baada ya kuzikwa. Msemaji ni mmoja, wa ukoo wenye kazi hiyo. Anatembea huku na huku katikati ya watu akisema. Vizazi, safari za mababu, vita, makosa ya walio hai. Hakuna anayesimama. Hakuna anayepita mbele yake. Hakuna anayemkatiza, hata awe chifu.

"Ni ile yenye ukimya?" akasema mhariri. "Si uliiandika wewe?"

Anaukumbuka ukimya. Kila mtu anaukumbuka.

Kitabu cha Daktari kiko kwenye rafu yangu. Sura ya tatu inaitwa Ukimya. Anasema kwamba msemaji wa kumuse hufika mahali akanyamaza dakika nne nzima ili wafu wapate kujibu. Anasema pia kwamba wanawake hawamo kabisa katika kumuse. Ushahidi: kaseti aliyorekodi mwenyewe mwaka 1984. Kwa sura hiyo amepata semina, safari, wanafunzi wa kumbebea mkoba. Mwaka 1987 niliandika ukurasa mzima kuisifu. Kichwa cha habari kilikuwa changu pia.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepekua sanduku la madaftari ya zamani. Vumbi, kinyesi cha panya, mikutano ya kila mkuu wa wilaya aliyewahi kupita hapa. Daftari la Agosti 1984 lipo.

Mimi ndiye niliyempeleka Daktari kwa Mzee Nabwera mwaka ule. Kwenye kumuse aliyosema tuliketi pamoja, hatua tatu kutoka kwake. Yeye na rekoda, mimi na kalamu. Nilinakili kwa hatimkato, Kibukusu cha mama yangu kilinitosha.

Pembeni mwa ukurasa wa kumi na tisa nimeandika: "S. kageuza kaseti. Kabonyeza kimoja."

Nimekumbuka yote. Rekoda ile ilinasa sauti ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kaseti ilipofika mwisho aliigeuza, akabonyeza kitufe kimoja tu. Ilikuwa inazunguka bila kunasa kitu. Baadaye kidogo aliona taa nyekundu haiwaki, akabonyeza vyote viwili. Hakusema neno. Wala mimi.

Chini ya maandishi hayo, kurasa mbili na nusu za maneno. Mzee Nabwera hakunyamaza hata pumzi moja. Alikuwa akiwataja akina mama. Wake za marehemu, mama zao, bibi zao, waliobeba mbegu za wimbi kwenye nguo njia yote.

Kwa hiyo ukimya ni kitufe. Sura ya tatu, safari, mkoba wa ngozi, wanawake "hawamo". Kitufe.

Na mimi nilikuwa na daftari hili ndani ya nyumba nilipoandika ule ukurasa wa 1987. Sikulifungua. Nilikuwa na haraka, naye alikuwa anaongea vizuri.

Sijui nani kati yetu ananichukiza zaidi. Leo ni mimi.

Alhamisi, 10 Oktoba. Bungoma

Kwa Mzee Nabwera, saa nne. Ameshapungua. Kikohozi. Lakini macho yale yale, yanakupima kama ng'ombe wa mnada.

Daktari alifika jana kabla yangu. Alileta kilo mbili za sukari na masharti. Jumanne Mzee anyamaze dakika nne, mahali pale pale palipoandikwa kitabuni. Daktari atainua mkono kama ishara. Akiushusha, Mzee aendelee. Mgeni anataka kuuona ukimya.

Mzee akitii, binti yake Rosa atapata barua ya kumpendekeza chuo cha ualimu. Rosa anafundisha darasa la tatu mwaka wa tano sasa, bila mafunzo, kwa mshahara wa kuaibisha. Ameomba chuo mara tatu. Safari hii ameitwa mahojiano, tarehe 4 Novemba. Daktari anamjua mkuu wa chuo. Walisoma pamoja.

Mzee aliniuliza moja kwa moja. "Nani alikuambia wewe mimi hunyamaza?"

Nikamwambia habari ya vitufe viwili. Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Rosa akaleta maji. Halafu kicheko kikaisha ghafla.

"Kumuse haikatwi," akasema. "Nikinyamaza katikati, huyo mzee wao atapitia wapi? Atabaki balabalani?"

"Baba, ni dakika nne tu," Rosa akasema.

Mzee akamwambia alete kile kitabu.

Rosa akaniletea kitabu. Alikiazima shuleni. Baba yake alimtuma atafute jina lake ndani. Alilitafuta siku mbili. Hakuna. Nyuma kabisa, kwa herufi ndogo, kuna orodha: Mtoa habari Na. 4, mwanamume, mkulima. Nambari moja hadi tatu ni wajomba wa Daktari. Walikuwepo siku ile. Walikula.

"Hata namba moja hakunipa, bana," Mzee akasema. "Ati nne. Na ni mimi peke yangu nilikuwa naongea."

Ijumaa, 11 Oktoba. Kitale

Nimenakili kurasa za daftari kwa Bwana Harbans, muuza karatasi. Mashine yake ndiyo pekee mjini isiyotafuna karatasi. Akazitazama hatimkato zangu kwa miwani, kisha bila miwani.

"Bwana gazeti, hii umeandika wewe ama kuku amepita?"

"Kuku amepita, Bwana Harbans."

"Basi huyo kuku ana habari nyingi."

Nakala mbili. Nyingine nimeipiga taipu, herufi za kawaida, neno kwa neno.

Jumamosi, 12 Oktoba. Bungoma

Mazishi. Watu wengi, hema mbili, mvua haikunyesha.

Daktari alizungumza dakika arobaini na tano. Nilihesabu. Alitaja shahada zake zote tatu na mada ya kila moja. Marehemu alitajwa kama "mazingira ya awali yaliyonijenga". Alijiita "mtafiti huyu" mara saba mbele ya jeneza la baba yake. Padre alisoma vibaya jina la kijiji, Daktari akamsahihisha kutoka kitini. Kwaya ikakosea ubeti, akamsahihisha mwalimu wa kwaya. Wanawake waliopika tangu alfajiri aliwapita kama miti.

Baada ya chakula nilimvuta kando, nikampa ile nakala ya taipu. Nilitaka aisome mwenyewe kabla sijaandika chochote. Hiyo ni haki ya mtu yeyote, hata yeye.

Aliisoma yote, wima, bila haraka. Uso haukubadilika. Kisha akatoa kalamu mfukoni na kunisahihishia tahajia ya neno moja kwenye ukurasa wa pili. Akanirudishia.

"Daftari si chanzo," akasema. "Kaseti ndiyo chanzo."

"Ulibonyeza kitufe kimoja, Daktari."

"Kwa hakika, hilo ni suala la kiufundi. Na wewe mwenyewe uliandika 1987. Nimekunukuu katika toleo la pili. Angalia tanbihi."

Nimeangalia. Yuko sahihi. Mimi ni tanbihi ya uongo wangu mwenyewe. Ananitumia mimi kumthibitisha yeye, nami nilimtumia yeye.

Nimeosha mikono mara mbili nilipofika nyumbani. Upuuzi. Lakini niliosha.

Jumapili, 13 Oktoba. Saboti

Shambani. Mahindi yamekauka vizuri. Sikuongea na mtu.

Jumanne, 15 Oktoba. Bungoma

Naandika haya nikiwa ndani ya gari, kabla sijasahau mpangilio.

Mzee Nabwera alianza saa moja na dakika kumi. Ngozi begani, usinga, fimbo. Kikohozi kilimwacha mara tu aliposhika fimbo. Sijui kilienda wapi. Watu wameketi duara, hakuna anayetikisika. Mama mgeni na kamera yake juu ya miguu mitatu. Mjane, mama yake Daktari, kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Rosa nyuma yake.

Daktari kiti cha mbele. Kitabu chake kimefunguliwa magotini. Alikuwa akifuatilia maneno kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza anayehakiki kama mwalimu amekariri.

Saa mbili kasoro dakika tano Mzee akafika mahali penyewe. Alimaliza vita, akageuka upande wa jua. Daktari akainua mkono.

Mzee aliuona. Nilimwona akiuona. Kisha akamtazama binti yake. Rosa hakutikisa kichwa wala kuinamisha. Alimtazama tu.

Mzee akaanza kuwataja akina mama. Wa kwanza alikuwa mjane mwenyewe. Nekesa, binti wa fulani, aliyeolewa kwa ng'ombe kadhaa, aliyemzalia marehemu tisa na kuzika watatu. Hakuongeza sauti. Alitembea na jina lile mpaka mwisho wa duara na kurudi nalo.

Mkono wa Daktari ulikuwa bado juu.

Halafu akafanya jambo ambalo sijaliona katika miaka ishirini na miwili ya kuhudhuria matanga ya watu. Alisimama. Katikati ya kumuse. Ya baba yake.

"Mzee, hapa unanyamaza."

Mzee akampita, akaendelea. Jina la pili.

"Mzee. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Hapa unanyamaza."

Aliunyanyua ukurasa wenyewe ili Mzee auone. Mzee hajui kusoma.

Mjane akamwambia mwanawe polepole, lakini sote tulisikia: "Wanjala. Keti chini. Unanizibia."

Akaketi. Daktari wa falsafa, miaka arobaini na minane, aliketi kama alivyoambiwa. Mzee alikuwa ameshafika jina la tatu. Nilitazama saa. Dakika nne za ukimya zilijaa majina kumi na moja ya wanawake. Akaendelea hadi saa tatu na nusu, akamaliza, akaweka fimbo chini. Kikohozi kikarudi.

Mama mgeni alinijia kuuliza kwa nini Daktari alisimama. Nikamweleza habari ya vitufe. Taratibu, kwa mifano, kwa vidole. Alielewa. Aliandika. Uso ulimbadilika, ni mtu mwenye adabu.

Jioni Daktari akanipa tathmini yake bila kuulizwa. Chanzo kimechakaa. Kumbukumbu imeharibika. Kumuse safi ilikuwa ile ya 1984, "na bahati nzuri tunayo kwenye kaseti." Nikamuuliza haogopi ripoti ya mgeni. Alicheka kweli kweli, kwa mara ya kwanza wiki hii. Ripoti, mgeni aliituma kabla hajapanda ndege. Alikuja tu kutoa pole na kupiga picha.

Kuhusu barua ya Rosa alisema angelifikiria suala hilo. Tayari alikuwa amelifikiria.

Jumatano, 16 Oktoba. Kitale

Nimetuma maneno mia saba. Nilianza na kosa langu, kwa sababu ndilo ninaloweza kulithibitisha bila shahidi.

Mhariri kapiga simu saa kumi. "Masahihisho ya makala ya miaka minne? Nani analia?"

Nikamwambia Mzee mmoja Bungoma.

"Halii," akasema mhariri. "Wewe ndiye unalia."

Atanipa mistari minane. Nimekubali. Minane ni mingi ukijua unachotaka kusema.

Ijumaa, 18 Oktoba

Rosa alipitia ofisini, alikuja mjini kununulia shule chaki. Daktari amepeleka ujumbe kwa mdomo wa binamu: hawezi kumpendekeza mtu kutoka familia isiyoshirikiana na utafiti.

Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa. Isiyoshirikiana na utafiti.

Rosa alisema hajuti. Akanywa chai. Akasema anajuta kidogo. Kisha akasema siku ile alitaka kumtikisia baba yake kichwa anyamaze, shingo ikakataa.

Nilimbebea chaki hadi stendi.

Alhamisi, 24 Oktoba. Bungoma

Imetoka. Ukurasa wa kumi na saba, chini ya tangazo la dawa ya kupe.

Nilimpelekea Mzee mwenyewe. Rosa akasoma kwa sauti: Mwaka 1987 gazeti hili lilisema kwamba msemaji wa kumuse hunyamaza katikati. Hanyamazi. Kilichonyamaza ni rekoda. Katika sehemu ambayo haikunaswa, msemaji aliwataja wanawake. Msemaji huyo ni Mzee Nabwera wa Bungoma. Kosa ni la mwandishi.

Mzee akamwomba arudie mstari wenye jina. Akarudia. Akamwomba tena.

"Na huyo mwandishi wa kosa ni nani?"

"Ni mimi, Mzee."

Akanigeukia. "Wewe nawe ni nambari ngapi?"

Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Njiani kurudi sikucheka. Yeye amepata jina. Mimi, kwenye mistari minane yangu mwenyewe, nimejificha ndani ya neno "mwandishi". Tabia hii inaambukiza.

Jumatatu, 28 Oktoba. Kitale

Barua ya Daktari kwa mhariri, nakala kwangu. Kurasa tano, tanbihi ishirini na mbili. Kumi na nne zinamnukuu yeye mwenyewe. Moja inaninukuu mimi, 1987. Jina la Mzee Nabwera halimo hata mara moja. "Mtoa habari husika."

Hakukana habari ya kitufe. Hakuitaja. Hapo ndipo ukimya ulipo, kama anautafuta.

Mhariri hatachapisha. Ni ndefu mno, kasema. Nimeitia kwenye faili pamoja na daftari.

Alhamisi, 31 Oktoba

Daktari Sikuku sasa ni Profesa Sikuku. Kasema Profesa mwenyewe, kwa simu, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Kamati ilikaa Jumanne. Hakukuwa na pingamizi. Kitabu kinachapwa upya, na sura ya tatu imeongezewa sehemu juu ya kuvunjwa kwa ukimya kama dalili ya kufa kwa mila. Atahitaji picha niliyompiga Mzee siku ya kumuse, akiwa na fimbo. Ataandika "picha kwa hisani".

Nilimwambia picha ipo, na atakayeitumia aandike jina la aliye ndani yake kwa herufi kubwa kuliko la aliyeipiga. Akasema atalifikiria suala hilo. Nikamwomba anitajie cheo chake kipya kikamilifu kwa ajili ya rekodi. Akakitaja. Nikaandika. Nikakata simu.

Sina hasira. Nina ladha mbaya mdomoni, basi.

Mvua tangu mchana. Mafuta ya gari nimejaza. Mahojiano ya Rosa ni Jumatatu tarehe 4, saa tatu asubuhi. Hana barua. Ana cheti chake, na maandalio ya masomo ya miaka mitano yaliyofungwa kwa kamba. Mzee amesema atakuja pia, aketi nje tu. Nitawapitia saa kumi na moja unusu alfajiri.